Mikono ya Nyamvula na ngozi ya Bofulo

Saa moja asubuhi, na mtaa wa Magogoni, Mombasa, bado uko baina ya kulala na kuamka. Moshi wa majiko unapita juu ya kuta polepole, kama mgeni anayetafuta nyumba asiyoijua. Nyuma ya nyumba ya Mzee Mutua, chini ya mti wa mkungu, mwanamke amechuchumaa na kopo mkononi. Anamwaga maji.

Hamwagi ovyo. Analiinamisha kopo kidogo, maji yatoke uzi mmoja tu, yatue juu ya mgongo wa mbwa na kuteremka ubavuni. Kopo likiisha anachota jingine kwenye karai. Mkono wake wa kulia ndio unaofanya kazi. Wa kushoto ameuweka nyuma ya kiuno, umeshika pindo la leso, kwa sababu amekatazwa kumgusa mbwa huyu, naye hajiamini kwamba hatasahau.

"Haya baba, haya," anamwambia mbwa. "Ni maji tu. Hayana kitu ndani."

Mbwa anaitwa Bofulo. Alipewa jina hilo kwa rangi yake, rangi ya bofulo, yaani mkate, uliotoka sasa hivi kwenye tanuri. Leo rangi hiyo imebaki kichwani, miguuni na mkiani. Kuanzia mabegani hadi kiunoni hana unyoya hata mmoja. Ngozi iko wazi, mahali nyeusi, mahali ya waridi, mahali imeshika magamba kama ukoko wa wali. Shingoni amevishwa kipande cha mtungi wa plastiki wa manjano, kimekatwa kikafunguka kama ua, ili asifikishe meno mgongoni.

"Kama spika ya harusi," inasema sauti ya mwanamke upande wa pili wa ukuta. "Bado kumtia waya tu aanze kuimba."

Nyamvula anacheka bila kugeuka. Mzee Mutua, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, hacheki. Anautazama ule mkono wa kushoto.

Leo daktari wa mifugo anakuja kusema kama mbwa huyu ataishi.

Nyamvula Tinga ana umri wa miaka arobaini na tatu, ni mama wa binti mmoja, Velma, na anaishi Mtopanga. Kazi yake ni kuogesha mbwa wa watu. Hana duka wala kibao. Ana ndoo, burashi mbili, sabuni, na simu iliyopasuka kioo. Huenda nyumba kwa nyumba, Mkomani, Mtopanga na huku Magogoni, na kwa kila mbwa hulipwa shilingi mia nne. Wiki nzuri huogesha kumi. Wiki mbaya ni ya mvua, maana watu husema mbwa ameshaoga.

Ni kazi ambayo wengi hawaitaki. Katika mitaa hii nusu ya majirani hawamgusi mbwa kwa sababu ya dini, na nusu nyingine wanamwogopa. Nyamvula aliingia kupitia kufua nguo. Alikuwa akifua katika nyumba moja ya Mkomani, na siku moja mbwa wa nyumba hiyo akarudi amejigaragaza kwenye samaki waliooza. Mwenye nyumba akauliza nani atamshika. Watu wote wakatazama pengine.

"Nikasema mimi," anasimulia. "Nilikuwa nishaloa tayari. Nikamtia sabuni, nikamsugua, yule mbwa akafumba macho. Jitu zima, lina meno vile, limefumba macho kama mtoto mchanga. Nikaona, kumbe hii kazi ina usingizi ndani yake."

Tangu siku hiyo ni usingizi huo anaoutafuta. Anasema kila mbwa ana mahali pake anapolegea. Mwingine ni nyuma ya sikio. Mwingine ni chini ya kidevu. Mwingine haachilii mpaka umfikie penye shina la mkia. Na mbwa akilegea, naye Nyamvula hupotea. Mikono inaendelea yenyewe, povu linapanda na kushuka, mawazo yake yako Kaloleni alikozaliwa, anasikia mvua inapiga makuti, hajui ni ya leo au ya zamani.

Bofulo alikuwa akilegea wapi?

"Katikati ya mgongo," anajibu, kisha anajishughulisha na karai.

Lakini kilichomtangaza Nyamvula si sabuni. Ni mafuta.

Kila mbwa aliyemwogesha alimpaka mafuta ya nazi. Huyapika mwenyewe nyumbani. Anakuna nazi kwenye mbuzi, anakamua tui, analichemsha kwa moto mdogo mpaka maji yaende zake na mafuta yabaki juu, meupe kama kioo. Hakuna aliyemfundisha kuwapaka mbwa. Alifundishwa kupaka watoto.

"Kwetu mtoto akitoka majini havishwi nguo kabla ya mafuta," anasema. "Nyanyangu alikuwa akimwona mtoto magoti meupe, amekauka, anauliza, huyu ana mama kweli? Basi mimi nikimwogesha mbwa nisimpake, naona kama nimemwacha uchi njiani."

Wateja walipenda. Mbwa waling'aa, wakanukia kama jikoni siku ya sikukuu. Watu wasiomjua walimpigia simu wakauliza, "Wewe ndiye yule wa mafuta?"

Katika wote, Bofulo ndiye aliyeng'aa zaidi.

Mzee Mutua ana miaka sabini na minne. Alizaliwa Kitui, akaja Mombasa akiwa kijana, akaendesha kreni bandarini mpaka alipostaafu. Mkewe, Rosalia, ndiye aliyemleta mbwa huyu nyumbani ndani ya kikapu cha mboga, akiwa mdogo kuliko kabichi. Rosalia alifariki mwaka uliofuata. Mtoto wao, Ronny, yuko Nairobi. Waliobaki katika nyumba ile ni mzee, mbwa na redio.

"Hii mbwa inajua saa ya kila kitu," anasema mzee. "Saa ya dawa yangu ya presha inakuja inasimama hapa, inaniangalia. Mimi nasahau. Yeye hasahau."

Nyamvula alikuwa akija kwao kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi. Halafu zikaja mvua za masika, na nyuma ya mvua wakaja viroboto.

Walitoka mchangani, nyuma ya banda la kuni. Bofulo alijikuna hata mzee akashindwa kulala, kucha za mbwa zikigonga sakafu kama mtu anayepiga hodi asifunguliwe. Unga wa dawa aliouzoea Nyamvula haukufua dafu. Mzee akamwambia atafute kitu chenye nguvu.

Alikwenda duka la dawa za mifugo akanunua dawa ya kuchanganya na maji, ya aina ambayo hakuwahi kuitumia. Aliuliza, akaelezwa. Alipima kwa kifuniko kama alivyoambiwa. Alimwosha Bofulo mwili mzima, akikwepa macho na mdomo. Mpaka hapo hakukosea kitu.

Dawa ile inatakiwa iachwe ikauke yenyewe juu ya manyoya. Nyamvula akamtazama mbwa. Anatetemeka, manyoya yamekakamaa, ananuka dawa kutoka kichwani mpaka mkiani. Akamwonea huruma. Akatoa chupa ya mafuta mkobani, akaianika juani ipate vuguvugu, akampaka. Alimpaka sana kuliko siku zote, na zaidi pale katikati ya mgongo.

"Nilikuwa namwomba radhi kwa ile harufu," anasema.

Jioni ile alirudi Mtopanga amekunjuka uso, akipita kwenye madimbwi bila kuyakwepa.

Asubuhi simu ililia. Mzee Mutua hakumsalimu. "Kuja uone," alisema, akakata.

Alimkuta Bofulo amelala kwenye saruji, udenda unamtoka, misuli inamchezacheza. Mgongo ulikuwa umevimba, mwekundu, una joto la kusikika kabla hujaugusa. Alipomshika ili amgeuze, manyoya yalibaki mkononi mwake. Konzi nzima.

"Niliutazama mkono wangu," anasema. Kunguru anatua juu ya ukuta, anawaza, anaondoka. "Niliuona kama si wangu."

Kumpeleka mbwa mgonjwa kwa daktari si kazi ndogo. Dereva wa kwanza wa tuktuk alimwona akakanyaga mafuta. Wa pili alisimama kwa sababu hakuwa na pa kupita. Katikati ya njia alikuwa amesimama Mwanasaumu, jirani anayeuza mahamri na mbaazi langoni kwake, yule yule mwenye maneno ya spika.

"Mimi mbwa simgusi, wallahi," anaeleza. "Lakini tuktuk si mbwa. Nikasimama, nikamwambia yule dereva, hupiti hapa mpaka umchukue mgonjwa. Akaniuliza, mgonjwa yuko wapi, mama? Nikamwambia, wewe ngoja, utamwona."

Dereva alipomwona alilalamika, kisha akakubali, ila mbwa afunikwe. Walimfunika kwa leso ya Nyamvula. Nyamvula anakumbuka kwamba watu barabarani walikuwa wakienda kazini, wengine wanakula mahindi, na kila kitu kilionekana kiko mbali, kama anakitazama kutoka chini ya maji.

Daktari, Janice, mwenye chumba chake kando ya barabara kule Mtopanga, alinusa kabla ya kutazama.

"Nani amempaka mafuta?" aliuliza.

Akawaeleza. Dawa ile imetengenezwa ikae juu, iue viroboto, ikauke. Mafuta yaliichukua yakaipenyeza ndani ya ngozi. Kilichotakiwa kusimama nje kilifunguliwa mlango. Na pale palipopakwa zaidi ndipo palipoungua zaidi.

"Nilipofika Mombasa mara ya kwanza nilishangaa," anasema daktari huyo, mzaliwa wa bara. "Hapa mtu hawezi kuona ngozi kavu akanyamaza. Atapaka mtoto, atapaka mgonjwa, atapaka hata maiti. Yeye alimpaka mbwa. Hakufanya kwa ubaya, lakini sumu haiulizi nia."

Alimwosha Bofulo kwa sabuni laini na maji mengi, akamdunga sindano, akatoa vidonge. Kisha akatoa masharti. Mbwa aogeshwe kwa maji ya vuguvugu asubuhi na jioni. Asisuguliwe. Asipakwe kitu chochote mpaka atakaposema yeye. Na kama kidonda cha mgongo kitazidi kuingia ndani, watakaa wazungumze habari ya sindano nyingine. Hakusema ni ya nini. Mzee Mutua alielewa, akavaa kofia yake.

Waliporudi, langoni mzee aligeuka.

"Mama Velma," alimwambia, "wewe usimshike tena."

"Nilisema, abee baba," anakumbuka Nyamvula. "Ningesema nini kingine?"

Lakini mzee naye ana mgongo. Miaka mingi ndani ya kreni imemwachia kiuno kisichoinama. Jioni ile alijaribu kumwogesha mbwa akiwa amesimama. Maji yakaanguka kutoka juu, yakakipiga kidonda, mbwa akatoa ukelele uliomfanya Mwanasaumu aangushe upawa. Simu ya Nyamvula kule Mtopanga ikalia tena.

"Kuja," alisema mzee. "Lakini usimshike."

Ndivyo Nyamvula alivyoanza kazi asiyowahi kuifanya, ya kumwogesha mbwa bila kumgusa. Alijifunza kwamba maji yakitoka mbali huuma, yakitoka karibu hubembeleza. Alijifunza kuanzia miguuni, mbwa ajue kinachokuja. Alijifunza kwamba yeye akivuta pumzi taratibu, mbwa naye hufuata. Ila mkono wa kushoto ulimsumbua. Kila mara uliponyoka ukaelekea kichwani mwa Bofulo, kama ulivyozoea, na kila mara Bofulo alikunja midomo akaonyesha meno. Ndipo akaanza kuufunga nyuma.

"Mkono una mazoea yake," anasema. "Huuambii ukasikia."

Kwa kazi hii hachukui malipo. Wateja wake wengine aliwapigia simu mwenyewe akawaeleza yaliyotokea, wasije wakasikia barabarani. Wawili walimwambia asirudi. Mwanamke mmoja wa Mkomani alimwambia, "Heri umesema. Njoo Jumanne kama kawaida."

Jumanne alikwenda. Akajaza ndoo, akalowesha burashi, mbwa akasimama mbele yake anangoja. Mikono ikagoma. Alisimama pale hata maji yakapoa. Akaomba radhi, akabeba ndoo yake akaondoka.

Usiku huo alimwambia binti yake, Velma, anayesuka nywele kwenye saluni, kwamba Bofulo akifa, yeye na mbwa basi.

"Utafanya nini, mama?" Velma aliuliza.

"Nitafua."

"Si ulisema kufua kunakuua mgongo?"

"Basi nitafua polepole."

Bofulo hakuonyesha dalili ya kumsaidia. Magamba yalitoka, chini yake kukawa kubichi. Kidonda cha katikati kikatoa ute. Akakataa uji, akakataa hata maini aliyochemshiwa. Ronny akapiga simu kutoka Nairobi.

"Baba, mwacheni huyo mbwa apumzike," alisema. "Halafu uje huku ukae na sisi."

"Nitakuja na nani?" aliuliza mzee.

Mzee akaiweka simu juu ya redio, akaenda kusimama mlangoni.

Nyamvula aliendelea kuja. Siku moja ilikuwa na mawingu mazito, upepo umekufa, mji mzima umejaa ule ukimya unaotangulia mvua. Alimaliza kumwaga maji. Bofulo akajilaza. Nyamvula akaegemea mkungu, apumzike kidogo tu, na usingizi ukamchukua.

Akaota anaogesha mbwa asiye na mwisho. Kila akidhani amefika kiunoni, mgongo unaendelea, unapanda, unashuka, unapita kando ya nyumba na kuingia barabarani. Manyoya yanatoka kwa konzi. Anataka kulia. Lakini chini ya manyoya hakuna ngozi, kuna majani mabichi, mafupi, yamelowa. Mbuzi wa marehemu babake wanatokea, wanaanza kula kimya kimya. Anawafukuza. Anawaambia, hilo si shamba, ni mgongo wa mtu! Mbuzi mmoja anainua kichwa, anamtazama, anasema kwa sauti ya nyanyake, "Mbona unalia? Majani hayaumi."

"Hodi! Hodi humu!"

Alifumbua macho. Kichwa cha Mwanasaumu kilikuwa juu ya ukuta, na sahani ya mahamri kando yake.

"Saa nne hii nyumba nzima mmelala? Mmerogwa? Mwizi angebeba mpaka mlango."

Kweli walikuwa wamelala wote. Mzee Mutua alikuwa kitini, kidevu kifuani, kofia imemwangukia miguuni. Bofulo alikuwa amejinyoosha usingizini mpaka mguu wake wa mbele ukafika kwenye leso ya Nyamvula, ukatulia juu ya pindo. Nyamvula hakutikisika. Mzee aliamka, akaona, akaokota kofia yake.

"Hiyo ni leso," alisema. "Si mkono."

"Najua, baba."

"Nasema tu."

Siku hiyo jioni Bofulo alikunywa uji.

Na leo ndiyo leo. Daktari Janice anafika saa tatu na mkoba wake, anavua viatu vilivyojaa tope, anapiga magoti mbele ya mbwa. Anavaa miwani. Anabonyeza kingo za kidonda, mmoja mmoja, ananusa vidole, anabonyeza tena. Nyamvula amesimama mbali na mikono yote miwili imekunjwa ndani ya leso. Mzee amevua kofia. Juu ya mkungu upepo unapita, unaacha majani makubwa mekundu yaanguke moja baada ya jingine, bila haraka.

"Semeni basi," inasema sauti ya ukutani. "Mbaazi zangu zinaungua."

"Kimefunga," anasema daktari.

Anawaita wainame upande wa jua. Kando ya kidonda, ukitazama kwa mshazari, kumeota malaika, manyoya mepesi, laini kama ya shavu la mtoto. Ukitazama moja kwa moja huyaoni. Daktari anasema pale katikati huenda pasiote kitu tena.

"Ataishi?" anauliza mzee.

"Ataishi. Ila atakuwa na kipara."

Mzee anajipapasa kichwa. "Hata mimi niko na kipara," anasema. "Na ninaishi."

Mwanasaumu anamshukuru Mungu kwa sauti, kisha anakimbilia jiko lake. Nyamvula ameketi chini pale pale alipokuwa amesimama.

Daktari anatoa kikopo cha marhamu. Ngozi sasa inataka kulainishwa, anasema. Ipakwe kwa ncha za vidole, kidogo tu, kila asubuhi, kutoka pembeni kuja katikati. Hii ni marhamu ya kidonda, si mafuta ya jikoni. Anakiweka kikopo juu ya kigoda, anavaa viatu, anaaga. Ana ng'ombe anayemngoja Kisauni.

Kikopo kinabaki juu ya kigoda. Nyamvula anakitazama, kisha anatazama pengine.

Mzee anakichukua. Anakifungua, anachota kwa vidole viwili, anashika kiti kwa mkono mwingine, anaanza kuinama. Anafika nusu. Anabaki hapo, vidole vyenye marhamu vinaning'inia hewani, mbwa anavitazama kutoka ndani ya ua lake la plastiki. Jasho linamtoka mzee. Kisha polepole, kama kreni inayorudi juu bila mzigo, anajinyoosha.

"Mama Velma."

"Abee, baba."

"Shika hii."

"Ulisema nisimshike."

"Nilisema. Na sasa nasema shika. Unataka nipige muhuri?"

Nyamvula anakwenda bombani. Ananawa kwa sabuni, ananusa viganja, ananawa tena, ananusa. Anarudi, anapiga magoti, anautoa mkono wa kushoto, ambao umesharudi nyuma ya mgongo, na kuuweka chini mchangani mbele ya pua ya Bofulo, kiganja juu, wazi.

Bofulo ananusa. Anaugeuza uso. Lakini haonyeshi meno, wala haondoki.

Nyamvula anangoja. Halafu anachota marhamu kiasi cha punje ya mchele, anagusa ukingo wa kidonda. Ngozi inashtuka yote mara moja, kama uso wa maji ukirushiwa kokoto, kisha inatulia. Anagusa tena. Anakwenda pembeni kuja katikati, kama alivyoelezwa, na mabega yake yanatikisika.

"Usilie juu ya kidonda," anasema Mzee Mutua. "Machozi iko na chumvi."

"Silii."

"Hayo ni ya kopo?"

"Ni ya kopo, baba."

Mzee anakohoa, anaingia ndani, anatoka na kiti cha pili. Anakiweka kando ya chake, anakifuta vumbi kwa kofia.

Nyamvula anasema bado atapika mafuta yake, maana mafuta hayana kosa, ila siku ya dawa chupa itabaki nyumbani Mtopanga. Yule mwanamke wa Mkomani amemwambia mlango uko wazi, na Jumamosi atakwenda ajaribu tena. Nyuma ya nyumba yake ameanza kukusanya mawe. Anataka sakafu ndogo ya saruji, bomba, na kivuli cha makuti juu, watu wawe wanamletea mbwa badala ya yeye kuwafuata na ndoo kichwani. "Mahali ambapo mbwa akifika tu anasikia baridi, anataka kulala," anasema. "Ndivyo ninavyopaona."

Na Bofulo? Marhamu ikiisha?

"Nitakuja vile vile. Sitamwogesha mpaka atake. Nitakaa tu."

Bofulo amelaza kichwa, macho yanamzidi uzito. Mwanasaumu anatokea tena ukutani na sahani, anafungua mdomo aseme jambo. Nyamvula anamwinulia kidole.

"Shoga, taratibu," ananong'ona. "Manyoya huota mtu akiwa usingizini. Mwache alale."